Walimu watatu wa Reiki: nimfuate yupi?

*Swali: Shikamoo dada. Nina miaka 27, nafanya masaji kwenye spa moja hapa Moshi. Wateja wetu wengi ni wageni wanaoshuka Kilimanjaro, na siku hizi wanauliza kama tunatoa Reiki, ile huduma ya Kijapani ya kumwekea mtu mikono kwa imani kwamba nishati hupita humo na kumtuliza. Meneja amesema nikisomea ataniongezea mshahara. Nimetafuta nikapata walimu watatu. Wa kwanza ni Mzungu anayepita Moshi mara kwa mara. Anafundisha madaraja yote matatu kwa wikiendi moja, dola 600, na ukimaliza unapewa cheti cha umasta. Wa pili ni kozi ya video mtandaoni, dola 25, cheti kinakuja kwa baruapepe. Wa tatu ni mama mmoja wa Arusha. Yeye anasema daraja la kwanza peke yake ni siku mbili, kisha nikae miezi kadhaa nikijifanyia mwenyewe ndipo anifundishe la pili. Hana hata tovuti. Mama yangu naye anasema yote hayo ni ushirikina. Naomba ushauri, nimfuate yupi?*

Marahaba, mdogo wangu.

Kwa jinsi ulivyoeleza, anza na huyo mama wa Arusha. Sijasema umlipe ada. Nenda kwanza ukalale kwenye kitanda chake kama mteja, umtazame anavyofanya kazi, umuulize maswali nitakayokupa hapa chini. Akishindwa, mwache kama utakavyowaacha hao wengine wawili.

Kinachofundishwa kwenye Reiki ni kidogo kuliko watu wanavyodhani. Daraja la kwanza, Shoden kwa Wajapani, ni historia fupi, kanuni tano, mikao ya mikono, kujifanyia mwenyewe, na reiju, yaani ile ibada fupi ambayo mwalimu humfanyia mwanafunzi ili, kwa imani yao, mikono yake ifunguke. Daraja la pili, Okuden, ni alama tatu na namna ya kumfanyia mtu aliye mbali. La tatu, Shinpiden, ndilo la kufundisha wengine. Hilo ndilo Wamarekani walilolipa jina la umasta. Yote yanayoweza kuandikwa ukiyaandika, daftari dogo halijai. Ndiyo maana kuna mtu anaweza kukuuzia yote kwa wikiendi, na kwa maana hiyo hakudanganyi: maneno yatakuwa yamekwisha Jumapili jioni.

Maneno hayatakusaidia sana Jumatatu asubuhi. Kazi hii inataka uweze kukaa saa nzima na mkono juu ya mtu bila kuhangaika, bila kupiga soga, bila kutamani aseme amepona. Inataka ujue la kufanya mteja akianza kulia katikati, au akikuuliza kama saratani yake imepungua, au akisinzia kisha akaamka na kizunguzungu. Hayo utayajua kwa kufanya, kukwama, kurudi kwa aliyekutangulia na kumuuliza. Kwa hiyo unapomlipa mwalimu wa Reiki, unanunua mtu wa kumrudia. Siku mbili za darasa ni sehemu ndogo ya mali uliyonunua. Mimi nimefanya masaji kwanza na Reiki baadaye, na kila mtu niliyemwona akifanya kazi hii vizuri alikuwa na mtu wa namna hiyo.

Huyo mwalimu wa dola 600 atakuwa wapi mwezi wa pili? Inawezekana ni mtu mwema na anajua kazi yake. Lakini ukimpigia WhatsApp ukiwa na mteja mjamzito wa miezi minane anayetaka kulala chali, naye yuko Bali, utaamua peke yako. Halafu tazama hesabu. Dola 600 kwa mshahara wa spa za kwetu ni fedha nyingi, na kitu unachopewa kwa fedha hiyo, umasta, ni ruhusa ya kufundisha wengine. Wewe hujaomba kufundisha. Umeomba kuwahudumia wageni wanaoshuka mlimani na miguu iliyokufa ganzi. Kwa hilo daraja la kwanza linakutosha kuanzia, na la pili linakuja baadaye.

Hapa historia inakusaidia kupima, na nitakaa nayo kidogo kwa sababu ina kazi mbili.

Mwanzilishi ni Mikao Usui, Mjapani aliyezaliwa 1865 katika kijiji kilichoko mkoa wa Gifu. Mwaka 1922 alifunga na kutafakari siku 21 kwenye mlima Kurama, karibu na Kyoto, na humo ndimo wafuasi wake wanasema alipopata uwezo huu. Mwaka huohuo akafungua chama chake Tokyo. Akafariki 1926. Alifundisha takriban miaka minne tu, na jiwe la kumbukumbu lililosimamishwa 1927 kwenye makaburi ya hekalu la Saihoji, Tokyo, linataja wanafunzi zaidi ya 2,000. Waliofikishwa na Usui hadi daraja la ualimu, hata hivyo, walikuwa wachache sana. Mmoja wao ni Chujiro Hayashi, daktari wa zamani wa jeshi la majini, aliyefungua kliniki Tokyo. Mwaka 1935 akaja pale mgonjwa kutoka Hawaii, Hawayo Takata, mtoto wa Wajapani waliohamia kisiwa cha Kauai. Akatibiwa, akaomba kufundishwa, akabaki akifanya kazi katika kliniki hiyo. Mwaka 1938 Hayashi akamthibitisha kuwa mwalimu. Kuanzia 1970 hadi alipofariki 1980, Takata akafundisha walimu 22, na karibu Reiki yote unayoiona Ulaya, Marekani na hapa kwetu imepitia mikononi mwa hao 22.

Kazi ya kwanza ya historia hii ni kumuuliza mwalimu nasaba yake: nani alimfundisha yeye, na huyo alifundishwa na nani, hadi Takata na Hayashi na Usui. Waliokulia karibu na watu wa twarika za Kiislamu watalielewa hili upesi, ni silsila, yaani mlolongo wa walimu. Mwalimu halisi ataitaja bila kufikiri, majina sita au manane, kama anavyotaja babu zake. Kuna tawi jingine lisilopita kwa Takata: Chiyoko Yamaguchi alijifunza kwa Hayashi huko Japani, na yeye na mwanawe Tadao ndio walioanzisha Jikiden Reiki. Tawi lolote ni sawa. Anayekwepa swali, au anayesema alipewa Reiki moja kwa moja na malaika ndotoni, ana kitu kingine anachokiita Reiki.

Usiipe nasaba uzito kuliko unaostahili, lakini. Inaonyesha kwamba mtu alisoma mahali. Haionyeshi kwamba alisoma vizuri, wala kwamba anajua kufundisha. Mwenye kozi ya dola 25 naye anaweza kuwa na nasaba safi kabisa.

Kazi ya pili naipenda zaidi. Takata alipokuwa akiwasimulia Wamarekani, alisema Usui alikuwa mwalimu Mkristo aliyeongoza chuo cha Doshisha, Kyoto, kisha akasoma Chuo Kikuu cha Chicago. Watafiti walipokwenda kuuliza, vyuo vyote viwili havikuwa na kumbukumbu yoyote ya mtu huyo. Tangu miaka ya 1990, jiwe la Saihoji lilipotafsiriwa na watu wakaanza kuzungumza na Wajapani wenyewe, kisa hicho hakina miguu. Sasa muulize mwalimu wako: Usui alikuwa nani? Akikusimulia ya Doshisha na Chicago kama kweli tupu, umejua kwamba hajasoma kitu kuhusu fani yake kwa miaka thelathini. Huenda mikono yake ni mizuri, sikatai. Lakini umejua. Na akikuambia, "Zamani tulifundishwa hivi, baadaye ikaonekana si kweli," basi huyo ni mtu anayeweza kusahihishwa, na mtu wa namna hiyo nampenda kuliko mwenye vyeti kumi ukutani.

Mwulize pia kuhusu chakra, yaani vituo vya nishati vinavyosemwa viko mwilini, na fuwele, yale mawe yanayong'aa. Hazikuwa kwenye mafunzo ya Usui. Ziliingizwa Magharibi baadaye. Mwalimu akizitumia si kosa, ilimradi akwambie kwamba ni nyongeza na zilitoka kwingine.

Kuhusu bei, ujue kwamba hakuna bei ya haki iliyoandikwa popote. Takata aliwatoza walimu wake dola 10,000 kila mmoja, akiamini Wamarekani hawaheshimu kitu cha bure. Baada ya kifo chake baadhi ya waliofuata wakashusha, wakazidi kushusha, na leo umasta huohuo unaupata mtandaoni kwa bei ya soda mbili na chipsi. Hakuna bodi ya dunia inayotoa leseni ya Reiki. Cheti ni karatasi ya mwalimu aliyeisaini, basi. Uingereza kuna sajili ya hiari ya wahudumu wa tiba mbadala, CNHC, ambayo huangalia mafunzo na bima ya mhudumu. Ni ya huko, na ni ya hiari. Kwa hiyo neno masta kwenye cheti halina uzito nje ya chumba lilipoandikwa. Wageni wako kutoka Uingereza na Ujerumani wengi wanalijua hilo, na mgeni anayeijua Reiki atakuuliza ulisomea wapi na kwa nani kabla hajauliza daraja.

Kozi ya video. Kwenye fani yenyewe kuna mabishano kama reiju inaweza kufanyika kwa mbali, na sitaki kukuingiza humo, kwa sababu tatizo lako ni la kawaida zaidi: hakuna atakayeona mikono yako. Video haiwezi kukuambia kwamba unaegemeza uzito wa bega lako kwenye kifua cha mteja, au kwamba unashusha pumzi usoni pake, au kwamba kiti chako ni kifupi na mgongo wako utakufa kabla ya miezi sita. Wewe ni mtu wa masaji, una tabia ya mikono inayofanya kazi: unakanda, unasukuma, unatafuta fundo. Reiki inataka mkono ulale tu. Kwa watu wa masaji kuacha kukanda ndiyo shida kubwa kuliko zote, na lazima mtu awe pale akikwambia, "Umeanza tena." Mtu aliye Kigoma asiye na mwalimu karibu ningemwambia atafute darasa la moja kwa moja, la watu wachache, ambalo mwalimu anamwona kwenye kamera. Wewe una mwalimu aliye safari ya basi ya asubuhi moja.

Sasa nenda Arusha. Lipia kikao kimoja kama mteja yeyote, na uangalie anachofanya kabla ya kukugusa. Je, anauliza kama una ugonjwa, kama unatumia dawa, kama una mimba, kama kuna sehemu hutaki iguswe? Je, ananawa mikono? Anakueleza ataweka mikono wapi na kwamba unaweza kusema acha wakati wowote? Kwenye Reiki mteja havui nguo. Viatu, mkanda, miwani, basi. Mikono hulala juu ya nguo, kwa wepesi, au hukaa juu kidogo bila kugusa kabisa. Hakuna sababu yoyote ya mkono kuwa kwenye matiti au sehemu za siri. Hili nalisema kwa herufi kubwa kwa sababu wewe ni binti na utakuwa mwanafunzi, na mwanafunzi huona haya kumkatalia mwalimu. Mwalimu, awe mwanamume au mwanamke, akikwambia reiju inahitaji uvue, au ifanyike usiku nyumbani kwake mkiwa wawili tu, chukua mkoba wako utoke. Huna haja ya kuaga. Kama unataka kwenda na rafiki siku ya kwanza, sema. Jibu atakalokupa ni sehemu ya mtihani.

Kisha sikiliza anachosema baada ya kikao. Wapo wanaomaliza na kuanza kusoma mwili: figo yako ya kushoto ina shida, nimeona giza kwenye mfuko wa uzazi, kuna mtu kazini anakuonea wivu. Huo ni utabiri, na kwetu tunajua unapoishia: mteja anaambiwa arudi mara saba, kila mara na bahasha. Mwalimu wa Reiki hapimi ugonjwa. Akikuuliza tu umejisikiaje, akakupa maji na kunyamaza, ni dalili njema.

Swali langu la kwanza kwake lingekuwa la dawa. Mwambie: mteja wangu ana kisukari na anataka kuacha sindano kwa sababu baada ya Reiki anajisikia vizuri, nimwambie nini? Jibu ni moja tu. Aendelee na sindano, arudi kwa daktari wake, na kama sukari imeshuka ni daktari atakayepunguza dozi. Hivyohivyo kwa ARV, kwa dawa za kifua kikuu, kwa presha, kwa kifafa. Sisi wa Kaskazini hatuna kisingizio cha kutolijua hili. Mwaka 2011 tuliona foleni za magari kwenda Samunge, Loliondo, kwa Babu Ambilikile Mwasapila, kikombe cha dawa yake Sh 500. Sina neno na imani ya waliokwenda. Ndugu zangu walikuwamo. Lakini wapo waliokunywa kikombe wakarudi nyumbani wakaacha dawa, na waliolipa gharama hiyo ni wao na watoto wao. Mwalimu akisitasita kwenye swali hili, akaanza kusema mwili unajua wenyewe au hospitali zinaua nishati, mazungumzo yamekwisha.

Mwulize pia kama Reiki imethibitishwa. Nataka usikie anavyolijibu, kwa sababu wageni wako watakuuliza. Ukweli ulivyo ni huu. Wapo watu wengi wanaosema imewatuliza, wamelala vizuri, maumivu yamepungua kwa muda. Tafiti zipo, nyingi ni ndogo na hazikufanywa kwa uangalifu wa kutosha. Mapitio ya mwaka 2015 ya Cochrane, shirika linalokusanya na kupima tafiti za tiba, yaliyoangalia Reiki kwa sonona na wasiwasi yalihitimisha kwamba ushahidi hautoshi kusema inafaa au haifai. Nishati yenyewe hakuna aliyeipima. Kuna jaribio maarufu lililochapishwa 1998 katika jarida la madaktari wa Marekani, JAMA, ambalo halikuhusu Reiki bali ndugu yake anayeitwa Therapeutic Touch, ambao wahudumu wake husema wanahisi nishati ya mtu kwa viganja: wahudumu 21 waliombwa waseme, bila kuona, mkono wa mtu uko juu ya mkono wao upi. Walipatia asilimia 44, chini ya mtu anayerusha shilingi hewani. Aliyebuni jaribio hilo ni binti wa miaka tisa, Emily Rosa.

Mimi naendelea kufanya Reiki nikijua hayo yote. Mtu aliyelala kimya saa nzima, amefunikwa shuka, simu imezimwa, mkono wa joto umetulia begani, hana wa kumdai chochote: hilo peke yake kwa watu wa siku hizi ni adimu, na silionei haya kulilipisha. Kama kuna zaidi ya hapo sijui, na mteja wangu simwambii kwamba najua. Mwalimu anayeweza kukaa na swali hili bila kukasirika atakufundisha pia kukaa nalo. Anayekasirika, au anayekwambia una nishati hasi kwa sababu umeuliza, atakufanya uwaogope wateja wenye akili, na hao ndio wanaorudi.

Mama yako usimpuuze. Usui alikuwa mtu wa mazingira ya Kibudha. Amezikwa penye hekalu la Kibudha, na mlima aliofunga juu yake una hekalu. Walimu wa Reiki husema si dini, na kweli hakuna anayetakiwa kubadili dini yake. Kanuni tano zenyewe hazina ugomvi na mtu: kwa leo tu usikasirike, usihangaike, shukuru, fanya kazi yako kwa bidii, watendee wengine wema. Lakini kuna reiju, kuna alama zinazochorwa hewani na maneno yanayotamkwa, na mtu wa dini ana haki ya kuuliza nguvu hii inatoka kwa nani. Maaskofu Wakatoliki wa Marekani waliuliza hivyo, na mwaka 2009 wakaelekeza kwamba Reiki haifai kutolewa kwenye taasisi za Kanisa, huku baadhi ya watawa wao wakiwa wanaifanya. Waislamu wengi nao wana pingamizi la aina hiyohiyo. Mama yako ameona watu wakiwekewa mikono kanisani kwa jina analolijua. Anapoona mikono bila jina hilo, lazima ashtuke.

Kwa hiyo kabla ya reiju mwambie mwalimu akueleze kila kitu atakachofanya, akuonyeshe alama, akwambie maneno na maana yake. Akisema ni siri, ujue kwamba zamani zilikuwa siri lakini alama hizo zimechapishwa vitabuni tangu miaka ya 1990; siri imebaki jina tu. Ukishajua, kaa na mama, kaa na mchungaji au sheikh wako, kisha uamue. Kama dhamiri yako itakataa, usifanye kwa ajili ya nyongeza ya mshahara. Una masaji. Mgeni aliyeshuka kutoka mita 5,895 anahitaji zaidi miguu yake ikandwe kuliko mikono iliyotulia juu ya paji.

Na hapo kwenye wageni wa mlimani nina jambo ambalo walimu wengi wa Reiki hawalifundishi, basi lichukue kwangu. Mgeni aliyeshuka na bado anakohoa, anapumua kwa shida akiwa amekaa, anayumba akitembea au anaongea mambo yasiyoeleweka, hafai kulala kwenye kitanda chako. Mlima huenda umemdhuru mapafu au ubongo. Mpigie kiongozi wake wa safari, apelekwe KCMC au hospitali iliyo karibu. Mwenye kigimbi kimoja kilichovimba, chenye joto na kuuma, hasa kama ametoka kwenye ndege ya masaa mengi, usimkande, inaweza kuwa damu imeganda. Muulize mama wa Arusha ni mteja wa namna gani anayemkatalia. Kama hajawahi kumkatalia mtu yeyote, sitamwamini.

Ukiridhika naye, panga malipo kwa daraja moja tu, na muandikiane: kiasi gani, siku ngapi, saa ngapi kwa siku, wanafunzi wangapi darasani (zaidi ya sita au saba hawezi kuwaona wote), na baada ya darasa kuna nini. Hilo la mwisho ndilo kubwa. Je, kuna siku ya mwezi wanafunzi wake wanapokutana kufanyiana? Je, unaweza kurudi kukaa kwenye darasa jingine la Shoden bila kulipa tena? Anapokea simu? Omba uzungumze na mwanafunzi wake mmoja anayeifanya kazi hii kwa kipato, na kama inawezekana mmoja aliyeacha. Walioacha husema ukweli kwa wepesi. Ile miezi anayotaka usubiri usiione kama ucheleweshaji. Wengi hupewa siku 21 za kujifanyia kila siku kwa kufuata zile za Kurama, na wewe kama una kazi ya mikono zaidi ya hapo ni bora. Hata hivyo mwulize unasubiri nini hasa, na atajuaje kwamba uko tayari. Kusubiri kusiko na kipimo nako kunaweza kuwa njia ya kumshika mwanafunzi mkononi mwaka mzima. Kutokuwa na tovuti hakunisumbui hata kidogo.

Meneja wako mwambie mapema kwamba kwa miezi ya mwanzo hutatoza Reiki kama huduma kamili. Utawafanyia wafanyakazi wenzako na ndugu kwanza. Kwenye menyu ya spa iandikwe kama huduma ya kutuliza na kupumzisha, pasiwe na neno tiba wala orodha ya magonjwa. Hapa Tanzania tiba asili na tiba mbadala zina sheria yake, Namba 23 ya 2002, na Baraza linalosajili watoa huduma. Siku mtakapotaka kuandika kwamba mnatibu kitu, nendeni kwanza kwa mratibu wa tiba asili na tiba mbadala wa halmashauri mkaulize mnahitaji nini. Na nyongeza hiyo ya mshahara aiandike kwenye barua kabla hujapanda basi la kwenda Arusha, maana nauli na ada vinatoka mfukoni mwako.